Mama amenyamaza tangu atoke eda: majirani na jamaa wanaweza kufanya nini kwa mzee mwenye sonona?

Binti wa Muheza ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Naandika kuhusu mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 72, anayeishi kijijini kwetu nje kidogo ya mji wa Muheza, mkoani Tanga. Baba alifariki mwaka jana, na mama akakaa eda ya miezi minne na siku kumi kama dini inavyoelekeza. Katika muda huo wote nyumba haikukosa watu. Wanawake wa chama cha kufa na kuzikana walipokezana kulala naye, majirani walileta uji asubuhi na wali jioni, na kila Alhamisi palisomwa dua. Siku alipotoka eda watu walikula, wakamwombea heri, wakarudi makwao, na tangu hapo kwa kweli hapana anayepita isipokuwa mwenye shida ya kuazima kitu.

Mama huyu nilimfahamu tangu utotoni akisuka ukili huku akizungumza, tena mikono yake ikienda mbio kuliko maneno. Mikeka yake imekwenda Pongwe, imekwenda Korogwe, na mwingine ninaulalia mimi mwenyewe hapa Dar es Salaam. Sasa ukindu alioununua kabla ya msiba umekauka, umeegemezwa ukutani pale pale alipouacha baba. Mama huamka saa tisa usiku na kukaa kitandani hadi alfajiri. Chakula hugusa mara mbili akasukuma sahani. Wajukuu wakimchezea hutabasamu kidogo kisha huwaomba watoke nje. Ukimwuliza kama anaumwa, hujibu, "Sina kitu mwanangu, ni uzee tu, mimi nangoja siku yangu."

Kaka yangu anaamini kuwa hii ni huzuni ya kawaida itakayopita. Shangazi anashauri atafutwe mganga wa kienyeji. Nilimpeleka kwenye zahanati moja, akapimwa presha, akapewa vidonge vya kuongeza damu, na tukaambiwa kwamba mzee anahitaji kupumzika, ingawa kwa maoni yangu kupumzika ndiko kunakommaliza. Mimi hurudi nyumbani kila baada ya wiki mbili na siwezi kuacha kazi. Sipuuzi hospitali, na iwapo dawa zitahitajika tutazifuata. Ninachouliza ni hiki: ni nini ambacho watu wa kawaida, yaani majirani, jamaa na wanawake wenzake wa kijijini, wanaweza kufanya kwa utaratibu, bila fedha nyingi, ili mzee wa namna hii ainuke? Je, kuna mahali ambapo jambo hilo limejaribiwa likaonekana kufaa?

Muuguzi Mstaafu, Morogoro, amejibu:

Mwanangu, pole sana kwa msiba wa baba na kwa mzigo huu unaoubeba ukiwa mbali. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka thelathini katika zahanati na vituo vya afya, na nakiri kwa masikitiko kwamba katika miaka mingi ya mwanzo nami niliwaambia wazee wa aina ya mama yako wakapumzike. Hatukufundishwa vya kutosha kuitambua sonona kwa mzee, kwa sababu mzee haji kukuambia kwamba ana huzuni. Atakuambia kwamba mgongo unauma, usingizi haupo, chakula hakina ladha, na mwili hauna nguvu.

Neno sonona limetokana na kusononeka, nalo ni zito kuliko huzuni. Aliyefiwa hulia, na katikati ya kilio huweza kucheka akikumbuka jambo la marehemu. Mwenye sonona hata kile alichokipenda hakimwamshi tena. Ndiyo maana nilipofika kwenye habari ya ukindu uliokauka nilisimama, kwa kuwa ndilo jambo la kwanza tunalouliza: je, kwa muda wa wiki mbili, karibu kila siku, amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda? La pili ni kama moyo wake umekuwa mzito au amekata tamaa. Maswali hayo mawili ndiyo yanayofungua dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili na hutumika katika vituo vyetu. Kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 3, na mtu anayefikisha 10 au zaidi kati ya 27 anahitaji kuangaliwa kwa makini. Unaporudi nyumbani, mpeleke kwenye kituo kikubwa zaidi au hospitali ya wilaya, na uombe kwa adabu lakini bila kuchoka kwamba aulizwe maswali hayo.

Huko huko aangaliwe wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, macho na masikio. Usiyapuuze masikio. Mzee asiyesikia vizuri huona aibu kuomba jambo lirudiwe, hujitenga na mazungumzo polepole, na jamaa hudhani kuwa amekuwa mkimya kwa hiari yake. Zaidi ya hayo, usikubali anunuliwe dukani vidonge vya amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, kwa sababu tu jirani alisaidiwa navyo. Kwa mzee vinaweza kuleta kizunguzungu, kuanguka na kushindwa kukojoa, na mwenye kuamua kuhusu dawa hiyo ni daktari aliyemwona mgonjwa.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe. Mfano ninaoujua vizuri zaidi ni wa Harare, nchini Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa aliyejiua, baada ya familia yake kukosa nauli ya basi ya kumrudisha hospitali. Msiba huo ulimfanya ajiulize kwa nini mgonjwa ndiye asafiri kuufuata msaada. Mwaka 2006 alianza kazi katika kitongoji cha Mbare akiwa na akina bibi 14, ambao hawakuwa na shahada yoyote ila walikuwa wakifahamika na kuheshimika mtaani. Walifundishwa kusikiliza na kumwongoza mtu katika kutatua matatizo yake, wakawa wanakaa naye kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Mwanzoni benchi lilitajwa kwa jina la afya ya akili, na watu hawakulisogelea. Akina bibi wenyewe ndio walioshauri liitwe benchi la urafiki. Hata ugonjwa wanautaja kwa neno lao la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, jambo ambalo kila mtu hulielewa bila kuaibika.

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha watu 573 katika kliniki 24 za Harare. Baada ya miezi sita, waliokaa na akina bibi hao waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7, ilhali waliopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 49.9. Ni lazima niseme wazi kwamba wengi wa waliohudumiwa pale walikuwa watu wazima wenye umri mdogo kuliko mama yako, na kwamba wazee walikuwa upande wa kutoa msaada. Hata hivyo, naona hapo pana funzo ambalo huenda likamfaa mama yako kuliko jingine lolote, nalo nitalirudia.

Kwa wazee wenyewe, mfano ulio karibu zaidi na swali lako umetoka Guarulhos, mji ulio jirani na São Paulo nchini Brazili. Huko wahudumu wa afya ya jamii, watu wa kiwango cha hawa wahudumu wetu wa vijijini, waliwatembelea nyumbani wazee wa miaka 60 na kuendelea waliokuwa na sonona, kwa muda wa wiki 17, wakifuata maelekezo yaliyowekwa kwenye kishikwambi. Walimweleza mzee kuhusu hali yake, wakapanga naye mambo madogo ya kufanya, na kwenye ziara iliyofuata wakauliza yalikwendaje. Walioshiriki utafiti huo walikuwa 715, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022. Baada ya miezi minane, asilimia 62.5 ya waliotembelewa walikuwa wamepona, ikilinganishwa na asilimia 44 ya wale ambao hawakupata ziara hizo.

Kwa hiyo, mwanangu, tafuta mtu mmoja, si kumi. Awe mwanamke ambaye mama anamheshimu, msiri, asiyependa kuhubiri. Aende siku moja ile ile ya juma, saa ile ile, na akae saa nzima. Kazi yake ya kwanza ni kusikiliza bila kusema "jikaze" wala "mshukuru Mungu", hata kama maneno hayo ni ya kweli, kwa sababu mgonjwa huyasikia kama amri ya kunyamaza. Kisha amsaidie mama ayataje matatizo yake, na mama mwenyewe achague moja, hata likiwa dogo kiasi cha kukushangaza. Labda ni paa linalovuja, labda ni deni la marehemu linalomkosesha usingizi. Wapange hatua moja tu ya kuchukua kabla ya juma lijalo, na juma lijalo waanzie hapo. Ziara sita za namna hiyo zinafaa kuliko watu arobaini wanaokuja siku moja na mchele.

Na jambo la usingizi lisipuuzwe. Kule Goa, nchini India, washauri wasio madaktari walifanya kazi na wazee waliokuwa na dalili za mwanzo tu. Pamoja na kuwafundisha kutatua matatizo, waliwafundisha namna ya kulala vizuri na kuwasaidia kufuatilia stahili zao serikalini. Katika mwaka mmoja, walioishia kuugua sonona walikuwa takriban asilimia 4 miongoni mwao, na asilimia 14 katika kundi la kulinganisha. Mama aamke saa ile ile kila siku, asilale mchana kutwa, na akiamka saa tisa usiku asigaagae kitandani akihesabu mawazo bali ainuke, aketi, asome uradi wake, kisha arudi macho yanapokuwa mazito.

Jambo la mwisho halingoji juma lijalo. Hiyo kauli ya "nangoja siku yangu" inaweza kuwa lugha ya kawaida ya uzee, lakini usikisie. Mwulize wazi, kwa upole, kama huwa anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikiri, au akikataa kabisa kula na kunywa, au akianza kugawa vitu vyake, asiachwe peke yake, sumu za shambani na dawa ziondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mwana wa Bukoba ameandika:

Mama Muuguzi, shikamoo. Nimesoma kwa makini na nakubaliana na mengi uliyoyasema, ila nina jambo moja la kuongeza kuhusu kumwachia mtu mmoja kazi yote. Kwetu Kagera, na kwa majirani zetu ng'ambo ya mpaka, kilichosaidia wengi ni kikundi.

Katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, ambazo ukimwi uliziumiza kama ulivyotuumiza sisi, ulifanyika utafiti katika vijiji 30, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2003. Kabla ya kuanza, watafiti waliwauliza wanakijiji wenyewe wanaiitaje hali hii, na mojawapo ya majina waliyopewa ni la Kiganda, okwekyawa, yaani kujichukia. Kisha viliundwa vikundi vidogo, wanawake peke yao na wanaume peke yao, vikiongozwa na mtu wa jinsia hiyo hiyo anayeijua lugha yao, ambaye alifundishwa kwa muda mfupi tu. Walikutana mara moja kwa juma kwa wiki 16. Walizungumza kuhusu mambo yanayomwangusha mtu: kufiwa, ugomvi na mtu wa karibu, na maisha kubadilika ghafla. Mwishoni, asilimia 6.5 tu ya waliokuwa kwenye vikundi ndio waliobaki na sonona kali, wakati kwenye vijiji ambavyo havikuwa na vikundi asilimia ilikuwa 54.7. Hao walikuwa watu wazima wa umri mbalimbali, lakini mtu anayewajua wanawake wetu wa kijijini haoni ajabu, kwani mjane humsikia mjane mwenzake kwa namna ambayo binti yake, hata akimpenda namna gani, hawezi kumsikia.

Nasema hivi nikimkumbuka bibi yangu, ambaye alizika watoto wake watatu na kubaki na wajukuu watano. Alikaa muda mrefu bila kuwasha moto jikoni hadi jirani awashe. Kilichomwinua hakikuwa hotuba ya mtu. Wajane wanne wa kitongoji chetu walikubaliana kwamba kila Jumatano watapalilia shamba la mmoja wao, na Jumatano ya bibi ilipofika ilimbidi apike ndizi za wageni, kwa kuwa kwa Mhaya ni aibu watu walime kwako waondoke bila kula. Alilia huku akimenya, lakini alimenya. Kazini walikuwa wakizungumza habari za marehemu wao waziwazi, wakiwataja kwa majina, kitu ambacho sisi nyumbani tulikuwa tunakikwepa tukidhani tunamhifadhi.

Hapo ndipo ninapotaka kumwuliza Binti wa Muheza: je, jina la baba hutajwa mbele ya mama? Na hicho chama cha kufa na kuzikana, ambacho kilikuwa na utaratibu mzuri kiasi kile wakati wa eda, kwa nini utaratibu wake ukome siku ya kutoka eda? Wanachama wapo, daftari lipo, zamu wanazijua. Kinachotakiwa ni kuongeza miezi sita tu, mara moja kwa juma, kwa mjane yeyote na si kwa mama yako pekee. Sioni haja ya kuunda kikundi kipya chenye katiba na mhuri wakati cha zamani kipo.

Binti wa Muheza amejibu:

Shikamoo Mama Muuguzi, nakushukuru kwa maelezo yaliyojaa. Kaka wa Bukoba, swali lako limenichoma. Hapana, jina la baba hatulitaji. Tumekuwa tukiingia nyumbani kwa tahadhari kana kwamba mama ni chungu kinachoweza kupasuka, na hata nguo za baba tulizigawa yeye akiwa ndani ya eda, bila kumwuliza angependa kubaki na ipi. Sasa naona kwamba tulimnyang'anya na hilo.

Nina wasiwasi mmoja. Mama ni mtu wa staha na hapendi mambo yake yajulikane. Nikienda kwa wanawake wa chama nikasema kwamba mama ana ugonjwa huu, nahofia kijiji kizima kitasema amerukwa na akili, na wapo watakaosema mambo mabaya zaidi ya hayo. Nifanyeje ili asaidiwe bila kutangazwa?

Mkaazi wa Kilifi amejibu:

Dada yangu, pole, na ninaomba niongeze la kwangu kutoka upande huu wa mpaka, kwa sababu hayo "mambo mabaya zaidi" unayoyahofia sisi tunayafahamu. Hapa Kilifi wapo wazee waliouawa na wengine waliokimbia makwao kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma hizo pana ugomvi wa shamba. Katika eneo la Ganze ipo Kaya Godoma, ambapo wazee waliokimbia hupewa hifadhi. Wapo wanaopaka nywele rangi nyeusi ili mvi zisionekane. Mzee anayeishi na hofu ya namna hiyo hujifungia, haongei na mtu, hatembei jioni, na kule kujifungia kwenyewe kunaongeza shutuma, kwa kuwa watu husema anaficha jambo. Huwezi kumponya sonona mzee wakati jirani zake wanamtazama kwa jicho la shaka. Kwa hiyo ninaamini kwamba kazi ya kwanza ya jamii, kabla ya benchi na kabla ya kikundi, ni kumrudishia mzee heshima ya kuhitajika mbele ya macho ya watu.

Nitatoa mfano wa nyumbani. Baba yangu mkubwa alikuwa mgema. Kwa zaidi ya miaka arobaini alipanda minazi asubuhi na jioni, na mtaa mzima ulimjua kwa kazi hiyo. Goti lilipokataa, alishuka mnazini mara ya mwisho na pamoja na kibuyu akashusha maneno yake yote. Tulimpeleka hospitali, akapata matibabu ya goti, lakini unyamavu haukuondoka. Inua Jamii, ile shilingi 2,000 ya Kenya kwa mwezi ambayo serikali yetu huwapa wenye miaka 70 na zaidi, ilimsaidia kwa sukari na sabuni, na siwezi kuidharau, kwa maana mzee asiye na senti yake mwenyewe huona haya hata kuomba chumvi. Ila haikumrudishia sauti.

Kilichomrudishia sauti ni vijana wawili waliokuwa wakigema vibaya na kuiharibu minazi ya watu. Baba yangu mzazi aliwaleta mbele yake, akasema, "Kaka, hawa wanaua minazi, wafundishe." Kwa siku kadhaa alitazama tu kutoka kitini. Siku moja akamkemea mmoja wao namna ya kushika kotama, na kemeo hilo lilikuwa sentensi yake ndefu ya kwanza katika miezi mingi. Tukahamisha na meza ya bao chini ya mwembe wake, ili wanaume wanaopiga soga jioni wapige kwake badala ya dukani. Hakuna aliyetamka neno ugonjwa. Walikuja kucheza bao na kuuliza mambo ya minazi.

Nimetaja baraza la bao kwa makusudi. Wanaume wazee wa pwani, hata wakiwa maskini, wana kahawa yao na baraza yao. Mwanamke mzee baraza yake huwa ni kazi: kusuka, kutwanga, kukuna nazi pamoja na wenzake. Mikono yake ikisimama, baraza imevunjika. Kwa mama yako, dada, usiende kwa wanawake wa chama ukasema ana ugonjwa. Nenda ukaseme kwamba binti fulani anatafuta wa kumfundisha kushona mkeka, na kwamba hakuna anayejua kazi hiyo kama mama. Iwe kweli, si hila. Mtafute msichana anayetaka kujifunza kwa dhati, kwa kuwa mzee huujua unafiki upesi sana.

Muuguzi Mstaafu, Morogoro, ameongeza:

Mkaazi wa Kilifi amelitamka lile jambo nililoahidi kulirudia. Wale akina bibi wa Harare walikuwa wazee, wengine wajane, na walioizungumza kazi yao walisema kwamba inawapa sababu ya kuamka. Mzee anayepokea tu hupungua kila siku. Lakini, mwanangu, uanze na kidogo. Mwenye sonona hangoji hamu ndipo afanye; hufanya kidogo, na hamu hufuata nyuma kwa mwendo wa kobe. Ukimwekea wanafunzi watano siku ya kwanza atashindwa, na kushindwa huko kutamthibitishia kwamba hafai. Mwanafunzi mmoja, ukili mmoja, nusu saa. Kuhusu siri, yule mwanamke mmoja wa kumtembelea ndiye pekee anayepaswa kujua hali yenyewe, na mama aulizwe kwanza kama anaridhia ajue.

Binti wa Muheza amerudi baada ya wiki saba:

Nawasalimu tena nyote. Nimeona si vizuri kupokea ushauri kisha kutoweka.

Tulimpeleka mama hospitali. Alipata alama 16 kwenye yale maswali tisa, na alipoulizwa kuhusu kujiua alisema hawezi kufanya hivyo kwa sababu ya imani yake, ila huomba asiamke. Alipewa dawa, tofauti na ile uliyoitaja Mama Muuguzi, na tarehe ya kurudi. Sikio lake la kushoto lilikuwa limezibwa na nta, likasafishwa, na jioni hiyo aliniambia nisimpigie kelele.

Mwanamke tuliyempata ni mwalimu mstaafu wa madrasa, rafiki yake wa siku nyingi, na mama aliridhia. Huja kila Jumanne baada ya alasiri. Juma la kwanza walikaa karibu saa nzima bila maneno. Juma la pili mama alitaja tatizo lake, na halikuwa lolote kati ya yale niliyodhani: anaogopa kwamba kaburi la baba litapotea kwa majani kabla ya mvua kwisha, na hakutaka kutusumbua. Kaka yangu alikwenda kulipalilia, mama akaenda naye, na waliporudi tulilitaja jina la baba mezani kwa mara ya kwanza. Alilia sana, nasi tukalia, kisha akasema kwamba baba asingeula mchuzi ule kwa kukosa ndimu.

Chama cha kufa na kuzikana bado hakijakubali kuongeza zamu. Katibu anasema lazima jambo liende mkutanoni, na mkutano umeahirishwa mara mbili. Wanawake watatu, hata hivyo, wameanza kuja wenyewe kwa zamu siku ya Ijumaa.

Mama hajapona. Zipo siku anazorudi kitandani saa nne asubuhi, na juma lililopita alikataa kumpokea mwanafunzi wake. Lakini ukindu ule wa zamani umelowekwa ili ulainike, binti wa jirani ameshasuka ukili wa urefu wa mikono mitatu, na juzi nilipopiga simu sikupata nafasi ya kuzungumza na mama, kwa sababu alikuwa akimfumulia binti yule ukili wote uliokwenda upande na kumwamuru aanze upya.